Daftari la Mtoto wa Miaka Minne

Kila Januari, shule za chekechea zinapofunguliwa, swali la kwanza la wazazi wengi ni lilelile: mtoto ataanza kuandika lini? Kufikia Machi swali limeshakuwa lalamiko. Daftari halina vema za kutosha, mtoto anarudi nyumbani na udongo magotini, na jirani anatamba kwamba wa kwake, anayesoma kwingine, ameshamaliza irabu na sasa yuko kwenye silabi. Nimefundisha walimu wa elimu ya awali kwa muda mrefu, na mzazi huyu namwelewa. Amejinyima ili alipe ada, au amekubali mtoto atembee kilomita kadhaa hadi shule ya serikali, na daftari ndicho kitu pekee anachoweza kukishika mkononi kama ushahidi kwamba hakupoteza. Ila daftari la mtoto wa miaka minne halisemi karibu chochote kuhusu kinachomjenga. Kinachomjenga, zaidi ya kula na kuwa na afya, ni mazungumzo na mtu mzima anayemjibu, na michezo inayomlazimisha kufikiri. Vitu hivyo viwili haviachi alama kwenye karatasi, na ndiyo sababu tunavitoa mhanga kwa urahisi.

Tuanze na mwili. Mtoto anapozaliwa ubongo wake una takribani robo ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Katika mwaka wa kwanza pekee unakaribia kuongezeka maradufu, na anapotimiza miaka mitano umefikia asilimia 90 hivi. Kinachoongezeka hasa ni miunganiko kati ya seli za ubongo. Kituo cha Makuzi ya Mtoto cha Chuo Kikuu cha Harvard kinakadiria kwamba katika miaka ya mwanzo miunganiko mipya huundwa kwa kasi ya zaidi ya milioni moja kwa sekunde. Mingi kati ya hiyo haidumu. Inayotumika mara kwa mara huimarika, isiyotumika hufifia na kuondolewa. Na kwa mtoto mchanga, kutumika maana yake ni jambo la kawaida kabisa: anatoa sauti, mtu anaitikia, anaelekeza kidole kwa kuku, mtu anamwambia yule ni kuku, anacheka, anachekewa. Mara mia kwa siku, kila siku.

Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick wa Marekani aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wachanga kama kawaida, kisha wanyamaze na kumtazama mtoto kwa uso mkavu usioonyesha hisia yoyote, kwa dakika chache tu. Kilichotokea kimerudiwa na watafiti wengine mara nyingi. Mtoto kwanza anatabasamu ili amrudishe mama yake. Asipojibiwa ananyoosha mikono, anapiga kelele, anajaribu kila alichowahi kuona kikifanya kazi. Mwisho anageuza uso na kuvunjika moyo. Alikuwa na miezi michache tu, na tayari alijua kwamba mazungumzo ni ya watu wawili. Nikimwona mzazi kwenye daladala amemkumbatia mwanawe huku macho yote yako kwenye simu, na mtoto anamvuta kidevu, huwa nautamani ujasiri wa kumwambia: mjibu, anaongea nawe.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote ninaoujua unatoka Kingston, Jamaica. Katikati ya miaka ya 1980 daktari Sally Grantham-McGregor na wenzake walichagua watoto 129 wa mitaa maskini, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, ambao wote walikuwa wamedumaa. Waliwagawa katika makundi manne. Kundi moja lilipewa maziwa ya unga ya lishe kila wiki. Kundi la pili lilitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya wa jamii, saa moja kila wiki kwa miaka miwili. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata kimojawapo. Wahudumu wale hawakuwa na shahada. Walikuja na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa chupa tupu, makopo na vipande vya mbao, na kazi yao kubwa ilikuwa kumwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto wake, wakamwachia vitu vile hadi wiki iliyofuata.

Watafiti waliendelea kuwafuatilia watoto hao mpaka wakawa watu wazima. Faida ya maziwa kwa upande wa akili ilififia kadiri miaka ilivyopita. Faida ya mchezo na mazungumzo ilibaki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba wakiwa na umri wa miaka 22, waliotembelewa walikuwa wakipata kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa, kiasi cha kuwafikia vijana wa mitaa ileile ambao hawakuwahi kudumaa. Saa moja kwa wiki, makopo matupu, na mwanamke wa mtaa aliyefunzwa kazi yake.

Sisemi kwamba chakula hakina maana. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na mkoa ulioongoza ulikuwa Iringa, ambako zaidi ya nusu ya watoto wako katika hali hiyo, ukifuatwa na Njombe na Rukwa. Hii ni mikoa inayolisha taifa. Mahindi yapo, viazi vipo, maharage, maziwa na parachichi vipo. Wataalamu wa lishe wanaofanya kazi huko wanazungumzia mambo kadhaa: uji mtupu wa mahindi usiochanganywa na kitu, milo michache kwa siku, mazao bora kwenda sokoni, magonjwa ya kuhara. Lakini hawachoki kutaja pia muda wa mama. Msimu wa kilimo ukianza mama anatoka alfajiri, mtoto wa mwaka mmoja anabaki na ndugu yake wa miaka saba, na uji uliopikwa asubuhi ndio wa mchana. Mtoto huyo amekosa vitu viwili kwa wakati mmoja, mlo na mtu wa kumjibu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia, katika mwongozo wao wa mwaka 2018 kuhusu malezi, waliweka pamoja afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na fursa za kujifunza mapema. Tanzania ilifuata njia hiyo ilipozindua Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Jina ni refu, na wengi huliita MMMAM, lakini wazo lake ni sahihi: mtoto hagawanyiki kati ya wizara ya afya, wizara ya elimu na ustawi wa jamii.

Mjini hali ina sura nyingine. Wazazi wote wawili wanatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni, na mtoto anabaki kutwa na dada wa kazi, msichana aliyeletwa kutoka kijijini, mwenye deki, nguo na jiko la kusimamia. Yeye ndiye mwalimu wa kwanza wa mtoto huyo, na katika nyumba nyingi hakuna anayemwambia hivyo. Ukitaka mwanao azungumze mapema na vizuri, anza na dada: mlipe kwa wakati, mwambie kwamba kuongea na mtoto wakati anachambua mchele ni sehemu ya kazi yake, mpunguzie kazi nyingine ili apate nafasi ya kuifanya. Na ukimsikia akimtegea mtoto kitendawili au akimsimulia hadithi ya sungura na fisi, usimwite jikoni.

Sasa tuje darasani. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliagiza kila mtoto wa Tanzania apate angalau mwaka mmoja wa elimu ya awali, na elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, walioandikishwa katika madarasa ya awali waliongezeka ghafla kutoka takribani milioni moja hadi zaidi ya milioni moja na nusu. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa na nayatetea. Lakini madarasa hayakuongezeka kwa kasi hiyo, wala walimu. Kiwango rasmi ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Nimeingia katika madarasa yenye zaidi ya mia, wamekaa sakafuni wakigusana mabega, mwalimu mmoja mwenye kijiti mbele ya ubao, na wote wakiimba kwa pamoja a, e, i, o, u. Simlaumu mwalimu yule. Kuimba kwa pamoja ndiyo njia pekee inayompa uhakika kwamba watoto mia hawatavunjika miguu kabla ya saa nne. Ila katika kuimba huko hakuna mtoto anayejibiwa. Aliyeelewa na asiyeelewa wanafungua kinywa vilevile.

Kuna watu wa ukanda wetu waliolifikiria tatizo hili kabla yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa jamii ya Waislamu wa Mombasa walikuwa na wasiwasi kwamba watoto wao wanaachwa nyuma shuleni, huku wazazi nao wakihofia kwamba chekechea za kawaida zitawatenga watoto na dini na mila zao. Waliomba msaada wa Aga Khan, na kutoka hapo ukazaliwa mpango wa chekechea za madrasa. Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa, ndiye aliyeuongoza mwanzoni. Waliona kwamba majengo ya madrasa yapo kila mtaa na kila kijiji, na asubuhi mengi yako matupu. Waliona pia kwamba wanawake wa mitaa hiyohiyo, wengi wao wakiwa na elimu ndogo ya darasani, wanaweza kuwa walimu wazuri wakifunzwa na kutembelewa mara kwa mara kazini, badala ya kupelekwa kwenye semina moja na kusahaulika. Mwaka 1990 mpango ukafika Zanzibar, kisha ukaingia Uganda.

Njia ya kufundishia waliichukua Marekani na kuifanya yao. Mwaka 1962, katika mji wa Ypsilanti jimboni Michigan, David Weikart na wenzake walianzisha chekechea kwa ajili ya watoto wa familia maskini za Wamarekani Weusi. Watoto 123 walihusika katika utafiti wao. Wengine waliingia chekechea hiyo na wengine hawakuingia, na makundi yote mawili yakafuatiliwa hadi umri wa miaka 40. Waliosoma pale walimaliza sekondari kwa wingi zaidi, walipata kipato kikubwa zaidi na walikamatwa na polisi mara chache zaidi. Siku ya mtoto katika chekechea ile ilikuwa na mpangilio: kwanza anasema anataka kufanya nini, kisha anafanya, halafu anawasimulia wenzake na mwalimu alichofanya. Mpango wa Mombasa ulichukua mpangilio huo, ukaweka vifuu vya nazi mahali pa vikombe vya plastiki, kombe za pwani mahali pa vihesabio vya dukani, na nyimbo za Kiswahili pamoja na mafunzo ya dini ambayo wazazi waliyataka. Mwaka 2008 Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa Kenya, Uganda na Zanzibar. Waliohudhuria chekechea yoyote waliwapita kwa maendeleo ya akili wale waliobaki nyumbani, na wa chekechea za madrasa waliwapita wale wa chekechea nyingine.

Jambo hili la mwisho halipewi uzito unaostahili. Ubora wa kinachofanyika ndani ulileta tofauti ya ziada, na ubora huo haukutokana na vifaa vya bei kubwa. Ulitokana na mwalimu kumuuliza mtoto mmoja, umejenga nini hapa, kisha kusubiri jibu.

Nawaomba walimu ninaowafundisha waitazame upya michezo waliyoiacha uwanjani walipoingia chuoni. Chukua ule mchezo wa nyama. Kiongozi anataja mnyama. Akiwa analiwa, watoto wanaruka na kuitikia. Asipoliwa, wanatakiwa kunyamaza na kutulia. Mtoto wa miaka minne anaitikia kila kitu, hata fisi, kwa sababu mwili wake umeshaanza kuruka kabla akili haijaamua. Baada ya wiki kadhaa anajifunza kujizuia. Hapo amefanya mambo matatu makubwa: ameikumbuka kanuni, ameilinganisha na jina jipya, na ameuzuia mwili wake. Ukigeuza kanuni, wasioliwa ndio wa kurukiwa, anajifunza pia kubadili mwelekeo. Adele Diamond wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, mmoja wa wanaoheshimika zaidi katika eneo hili, ameeleza kwa miaka mingi kwamba uwezo huu wa kujidhibiti, kukumbuka na kubadilika ni msingi wa mafanikio ya shule, na kwamba michezo na uigizaji huukuza vizuri. Au chukua mdako. Mtoto anarusha kijiwe juu, anakokota vingine kutoka shimoni, anadaka, kisha anavirudisha vyote isipokuwa kimoja. Huko ni kutoa, kwa vidole na kwa macho, muda mrefu kabla ya kuiona alama ya kutoa ubaoni. Mwalimu anayekaa karibu na kuuliza vimebaki vingapi, na umejuaje, amefundisha hisabati.

Na kusoma je? Mzazi mwenye wasiwasi ana haki ya jibu la moja kwa moja. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazomwonea huruma anayejifunza kusoma, kwa kuwa maandishi yake hufuata matamshi. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wa lugha 13 za Ulaya mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza wa kusoma. Watoto wa Ufini, ambao lugha yao nayo huandikwa kama inavyotamkwa na ambao huanza darasa la kwanza wakiwa na miaka saba, walisoma karibu maneno yote kwa usahihi. Wanaosoma Kiingereza walisoma takribani theluthi moja. Huko New Zealand, Sebastian Suggate alikuta kwamba walioanza kufundishwa kusoma wakiwa na miaka saba waliwafikia wenzao walioanza mitano kabla ya kumaliza shule ya msingi. Mtoto anayekijua Kiswahili vizuri kwa masikio na kwa ulimi, aliyesikia hadithi nyingi na kucheza na sauti za maneno, akifika darasa la kwanza atashika silabi haraka. Kumsukuma akiwa na miaka mitatu hakumpatii chochote ambacho asingekipata baadaye kwa jasho kidogo.

Kwa hiyo nasikitika ninapoona chekechea za mijini zikijinadi kwa Kiingereza kitupu. Mtoto ana miaka mitatu, anaanza kupata maneno ya kueleza kwamba amekasirika, kwamba amechukuliwa kitu chake, kwamba anafikiri kivuli kinamfuata, na tunamweka mahali ambapo maneno hayo hayaruhusiwi. Atajifunza majina ya rangi na matunda. Mazungumzo marefu yatakatika. Jambo hilihili humpata mtoto wa Kimasai au Kisukuma anapofika kwenye darasa la Kiswahili ambalo mwalimu hajui neno moja la lugha ya nyumbani kwake. Huyo anahitaji angalau mtu mzima mmoja wa kumwelewa wakati Kiswahili kinajengeka.

Televisheni na simu nitazitaja kwa ufupi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unashauri mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku. Skrini haimjibu. Kipindi kizuri cha watoto kina faida pale mkubwa anapokaa naye na kuuliza.

Kuna jambo moja ambalo wazazi hukosa kuliona hadi limechelewa: mtoto asiyejibu inawezekana hasikii. Usaha wa masikioni usiotibiwa, ambao bado tunauzoea kana kwamba ni sehemu ya utoto, huweza kupunguza usikivu katika miaka ileile ambayo lugha inajengwa. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu asiyegeuka akiitwa kwa nyuma, au wa miaka miwili asiye na maneno, apelekwe kituo cha afya sasa hivi. Kumwambia mama kwamba baba yake naye alichelewa kusema si tiba.

Ninachokitaka kwa viongozi wa shule ni kidogo na kinawezekana mwaka huu. Katika shule nyingi nilizotembelea, darasa la awali hupewa chumba kilichobaki na mwalimu aliyebaki: aliye karibu kustaafu, anayeumwa, au kijana anayejitolea ambaye hajawahi kufunzwa. Mwalimu bora wa shule anapangwa darasa la saba kwa ajili ya mtihani. Tugeuze. Mwalimu aliyesomea elimu ya awali afundishe awali. Palipo na watoto mia, wagawanywe waje kwa zamu mbili, saa chache kila zamu, kwa sababu saa mbili za kujibiwa zina thamani kuliko nne za kuimba. Kona za ujifunzaji zilizotajwa kwenye mafunzo ziwekwe kweli, kwa vizibo, vijiti, magunzi na mchanga, na wazazi wawili wa zamu wakae nazo.

Kwa mzazi, kikao kijacho cha shule, kabla ya kuuliza habari za daftari, uliza nani amepangwa kufundisha awali na amesomea wapi. Uliza wanakunywa uji saa ngapi na unachanganywa na nini. Uliza wanacheza nje kwa muda gani, na mwalimu huwa wapi wakati huo. Kisha omba ruhusa uketi nyuma ya darasa nusu saa, uhesabu ni mara ngapi mtoto mmoja, yeyote yule, ameulizwa swali na akasubiriwa ajibu.